Kijana wa Gatete Anakopesheka

Mwanafunzi yeyote wa pande za Rumonge, hapa Burundi, aliyewahi kuingia benki kuomba mkopo wa gari lake la kwanza amejibiwa maneno yale yale: huna historia ya mkopo. Hujawahi kukopa, kwa hiyo hatukujui. Na kwa kuwa hatukujui, hatuwezi kukukopesha. Kaajiriwe kwanza, mshahara wako upitie kwetu, au rudi na mzee wako akiwa na hati ya shamba. Jibu hilo limerudiwa mara nyingi mpaka watu wamelichukua kuwa sheria ya maumbile. Wazazi wanalitoa nyumbani kabla kijana hajapiga pasi shati la kwendea benki. Vijana wenyewe wameliamini, na wengi wanaona aibu hata kuuliza.

Nalipinga jibu hilo. Kijana wa Gatete, hapa Rumonge, anakopesheka leo hii, akiwa bado na kadi ya uanafunzi mfukoni na akiwa hana hata mita moja ya ardhi kwa jina lake. Kinachomkwamisha ni kwamba taasisi zetu za fedha zimezoea kusoma karatasi mbili tu, hati ya ardhi na karatasi ya mshahara, na chochote kilichoandikwa mahali pengine zinakihesabu kuwa hakipo.

Kwanza niwape wapinzani wangu haki yao. Fedha ya benki ni akiba ya watu: ya mama muuza ndagala, ya mwalimu, ya mzee aliyeuza ng'ombe. Meneja akiigawa ovyo, wao ndio watakaoumia. Gari nalo ni mali yenye hatari zake: linagongwa, linapinduka, linaibwa, linachakaa likitembea na linachakaa likilala. Mwanafunzi hana mshahara. Leo yuko Gatete, kesho Bujumbura, keshokutwa amevuka mpaka kwenda Kigoma. Na wazee wana methali yao, kukopa harusi kulipa matanga, ambayo hawakuitunga bila kuumizwa. Sikanushi hata moja kati ya hayo. Ninachokataa ni hitimisho linalobandikwa mwishoni, kwamba asiye na rekodi benki ni mtu asiyejulikana.

Anajulikana sana. Nenda Gatete siku ya kukamua mawese. Kando ya makina, karibu na mapipa yanayochemka, utamkuta mama ameketi na daftari la shule, jalada limelowa mafuta mpaka kurasa zinapenyeza mwanga. Ukurasa mmoja umeandikwa jina la kijana juu kabisa. Chini yake kuna tarehe alipochukua mafuta, idadi ya madumu, fedha aliyoahidi kuleta, na mkato wa kalamu kila alipoleta. Kijana ni mwanafunzi. Likizo ikifika huchukua mawese kwa ahadi, huyapeleka Bujumbura, huuza, na hurudi na fedha ya mama mkononi kabla hajaenda kwao kula. Mara ya kwanza alipewa madumu mawili. Aliporudisha akapewa matano. Sasa anapewa shehena ya kujaza sehemu ya nyuma ya gari la kukodi aina ya Probox. Mama hakumwuliza hati ya shamba hata mara moja. Alimpima kwa kidogo, akamwongeza kwa kadiri alivyolipa, na siku alipochelewa aliandika sababu pembeni: gari liliharibika njiani.

Basi hilo daftari ni nini kama si historia ya mkopo? Lina kiasi, tarehe, ahadi, malipo, na hata maelezo ya ucheleweshaji. Afisa mikopo mwenye shahada ya uchumi angeomba nini zaidi ya hapo? Ameelezwa tabia ya mkopaji katika biashara ile ile ambayo gari linaombwa kwa ajili yake. Karatasi ya mshahara haiwezi kumwambia hayo. Mshahara unaonyesha kwamba mwajiri analipa; hauonyeshi kama mwajiriwa naye hulipa.

Ushahidi wa pili ni ikirimba. Kila mtu wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika anaujua mchezo huo: watu wanachanga kila wiki au kila mwezi, na kila zamu mmoja anachukua chungu chote. Lakini wachache wamekaa wakafikiri maana yake kihesabu. Anayepokea zamu ya mwisho amejiwekea akiba. Anayepokea zamu ya kwanza amekopa. Amechukua fedha za wenzake wote, na kuanzia siku hiyo hadi mzunguko uishe analipa deni, bila rehani, bila mwanasheria, bila kitu cha kumshika isipokuwa jina lake. Kijana aliyepokea mapema katika mizunguko kadhaa na akachanga hadi mwisho ameshafuzu mtihani ambao benki inasema hajawahi kuufanya. Orodha ya zamu ipo, iko kwa mwekahazina.

Viko pia vikundi vya akiba na mikopo vilivyoenezwa na shirika la CARE, ambavyo hapa Burundi watu wanaviita Nawe Nuze. Mtindo wake ulianzia Niger mwaka 1991, na umejengwa juu ya sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na kitabu kidogo cha kila mwanachama kinachogongwa muhuri kwa kila hisa anayonunua. Kitabu hicho hakighushiwi kwa urahisi, kwa sababu kila muhuri umegongwa mbele ya wote. Na simu nayo inaandika. Kijana anayepokea na kutuma fedha kwa Lumicash ameacha nyayo za biashara yake kwa tarehe na kwa faranga. Kenya ililielewa hilo tangu Novemba 2012, huduma ya M-Shwari ilipoanza kutoa mikopo midogo kwa watu waliojulikana kwa matumizi yao ya simu tu.

Kwa hiyo historia ipo. Imeandikwa kwa kalamu, kwa muhuri na kwa simu, na haijawahi kuombwa. Mtu aliyeziba masikio hawezi kulalamika kwamba mwenzake ni bubu.

Wapo watakaoniambia kwamba hata Marekani ni hivyo hivyo. Ni kweli, na mfano huo unanisaidia mimi kuliko wao. Kule mtu hupimwa kwa alama za mkopo za FICO, zinazotumika tangu 1989; rekodi ya malipo ina uzito wa asilimia 35 na urefu wa historia asilimia 15. Mwanafunzi asiye na rekodi huambiwa alete mzazi wa kusaini pamoja naye. Lakini kumbuka ndugu zetu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, waliochukuliwa kutoka kambi za Tanzania kupelekwa Marekani kuanzia 2007. Walifika watu wazima, wengine wana wajukuu. Walikuwa wamekopa mbegu na kulipa, wamekopeshana nauli na kulipana, wamelea yatima kwa kukopa unga. Mashine ikawaambia: hakuna taarifa. Je, hawakuwa waaminifu mpaka waliposhuka kwenye ndege? Alama ile inapima kile kilichoingizwa katika vitabu vyake, basi. Anayeichukua kuwa kipimo cha mtu mwenyewe amechanganya daftari na mwenye daftari.

Jambo moja la kule lingefaa kuigwa: gari linalonunuliwa kwa mkopo ndilo linalokuwa dhamana ya mkopo. Jina la mkopeshaji linabaki kwenye nyaraka za gari mpaka deni liishe. Akishindwa kulipa, gari linachukuliwa. Hakuna anayeombwa shamba la babu ili anunue gari.

Na hapa niliseme la ardhi bila kumung'unya, kwa sababu anayeomba hati ya shamba Gatete ama haijui Gatete, ama anaijua na hajali. Baada ya mauaji ya 1972 watu wengi wa mwambao huu walikimbilia Tanzania, wakakaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba yalichukuliwa na wengine. Mengine dola iliyagawa, mengine yakaingizwa katika miradi ya michikichi. Walipoanza kurudi kwa wingi, hasa kuanzia 2008, walikuta kwenye viwanja vyao familia ambazo nazo zilikuwa zimezaa na kuzika hapo. Tume ya ardhi, CNTB, ilisikiliza kesi hizo kuanzia 2006 hadi 2022, na Rumonge ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye mashauri mazito kabisa. Familia nyingine zimegawana shamba nusu kwa nusu, nyingine bado zinatazamana kwa jicho la pembeni kwenye mpaka wa mche mmoja wa mchikichi. Sheria ya ardhi ya Agosti 2011 ilileta vyeti vya ardhi vinavyotolewa kwenye komini, na ni hatua njema, lakini cheti hakiwezi kumaliza kwa muhuri kile ambacho majirani hawajamaliza kwa maneno.

Katika hali hiyo, kumwambia kijana wa miaka 22 alete hati ya shamba ni kumwambia alete mwisho wa kesi ambayo ilianza kabla hajazaliwa. Na akiwa msichana hali ni ngumu zaidi. Burundi haina sheria ya mirathi inayompa binti fungu lake, na kwa desturi shamba la baba huenda kwa wana wa kiume. Binti aliyemaliza mwaka wa pili chuoni, ambaye amekuwa akiuza mawese tangu kidato cha kwanza na hajawahi kudaiwa akakimbia, anakataliwa kwa sababu ya kitu ambacho desturi ilishamnyima siku alipozaliwa. Benki inaliita hilo tahadhari. Ukweli ni kwamba imemuuliza baba yake ni nani na kaka yake atakubali nini, ikaacha kumuuliza yeye ni nani.

Hata kwa faida ya benki yenyewe, rehani hiyo ni dhaifu. Fikiria imefika siku ya kuuza shamba la aliyeshindwa kulipa. Nani Gatete atanyanyua mkono kununua kiwanja chenye madai ya familia mbili, akae humo akizungukwa na watu wanaomwona mporaji? Mnada utaahirishwa, mahakama itaingia, miaka itapita. Gari je? Gari linavutwa mchana, linauzwa Bujumbura wiki hiyo hiyo. Mwanafunzi akitanguliza fungu la 30 katika kila 100 ya bei, benki imeweka 70 juu ya kitu chenye thamani ya 100, na kila mwezi deni linapungua. Gari likipoteza thamani kwa kasi ile ile, benki bado ina kinga yake. Wanaosema ardhi ndiyo dhamana ya kweli wamekariri somo lililofundishwa mahali pengine, ambako mipaka haina ugomvi.

Hoja yao ya tatu, baada ya ile ya historia na ile ya ardhi, ndiyo inayorushwa kwa sauti kubwa kuliko zote: vijana hawalipi. Wanaonyesha mikopo ya serikali. Hapa kwetu benki ya vijana, BIJE, ilifunguliwa 2020, na tangu hapo kila anayetaka kuwasema vijana vibaya huanza na hadithi ya ushirika uliochukua fedha ukayeyuka. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilikuwa na mfuko wa mikopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, bila riba. Aprili 2023 serikali yao iliusimamisha kwa muda baada ya kubainika vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa.

Lakini soma tena sababu: vikundi hewa. Kijana hewa hawezi kulaumiwa kwa kutolipa. Wa kulaumiwa ni aliyemwandika. Kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya fedha kutoka, ili fedha itoke, kitakufa wiki moja baada ya fedha kufika. Na fedha inayotangazwa jukwaani kwa ngoma na makofi, mpokeaji ataiona kuwa ni zawadi ya mkubwa, na zawadi hairudishwi. Makosa hayo yote ni ya utoaji. Hayasemi lolote juu ya kijana aliyekuwa na kikundi miaka mitatu kabla ya benki kumjua, anayedaiwa na watu ambao atakutana nao kisimani kesho asubuhi.

Waliowakopesha maskini kwa akili wametuonyesha matokeo tofauti. Benki ya Grameen ya Bangladesh, iliyopata hadhi ya benki mwaka 1983, ilijengwa juu ya wanawake wa vijijini wasio na rehani yoyote, na mwaka 2006 yenyewe pamoja na mwanzilishi wake Muhammad Yunus walipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Karibu na sisi, Uganda, kampuni ya Tugende imewakabidhi waendesha bodaboda pikipiki wanazolipia kidogo kidogo mpaka zinakuwa mali yao. Dar es Salaam kijana huchukua pikipiki au bajaji kwa mkataba: anapeleka hesabu kila siku, na muda ukitimia chombo ni chake. Hao wote wangeambiwa na benki ya kawaida kwamba hawana historia. Wanalipa, kwa sababu chombo kinawaingizia fedha kila siku na kwa sababu wanajua kitakuwa chao.

Tena dola zetu zenyewe zilishakubali hoja yangu, ila hazijaitimiza. Mwaka 2017 Burundi iliigeuza posho ya wanafunzi wa chuo kikuu kuwa mkopo unaorejeshwa baada ya masomo, na wanafunzi waliogoma mwaka ule wanakumbuka vizuri jinsi jambo hilo lilivyosimamiwa kwa mkono mzito. Kenya ina bodi yake ya mikopo ya wanafunzi, HELB, tangu 1995. Bodi ya mikopo ya Tanzania, HESLB, ilianza kazi 2005. Nchi tatu zimemwambia mwanafunzi asiye na ardhi wala mshahara: tunakuamini, chukua, utalipa. Inawezekanaje kijana yule yule awe wa kuaminika anapodaiwa na serikali, kisha awe mtu asiyejulikana anapovuka barabara kuingia benki? Kama deni la masomo ni deni la kweli, basi ni historia ya kweli, na anayelilipa aandikiwe kwamba amelipa.

Kisha wanakuja na hoja ya nne, wakitikisa kichwa kwa huruma: gari la nini kwa mwanafunzi? Ni anasa. Aanze na baiskeli.

Kwa kijana anayetaka gari la kupita nalo mbele ya wenzake, nakubaliana nao neno kwa neno. Asikopeshwe. Lakini anayesema gari la Gatete ni anasa hajawahi kusimama kando ya barabara ya Bujumbura akiwa na madumu kumi ya mawese na jua linapanda. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni zaidi ya kilomita 70 kando ya ziwa. Mawese yanatoka huku, samaki wa ndagala na mukeke wanatoka huku, na mnunuzi mwenye fedha yuko kule. Aliyepanda mchikichi anapata kidogo. Aliyekamua anapata kidogo. Mvuvi aliyekesha na taa anapata kidogo. Faida inaganda kwenye magurudumu, kwa sababu mwenye gari ndiye anayepanga nauli ya mzigo, na mwenye mzigo unaoharibika hana nafasi ya kubishana. Ndagala hawasubiri bei nzuri. Kumnyima kijana gari la kwanza la mzigo ni kuamua kwamba faida ya mwambao huu iendelee kumiminika kwa wachache wale wale ambao baba zao walikuwa na magari.

Na kumnyima hakumzuii kukopa. Kunambadilishia mlango tu. Atakwenda kwa wale ambao watu wanawaita Banque Lambert, wakopeshaji wa kichochoroni wanaohesabu riba kwa mwezi na kushika kadi ya benki au karatasi za nyumba mpaka walipwe. Au atakodi gari la mtu maisha yake yote, akilipa kila safari fedha ambayo ingetosha kulinunua. Wanaojisifu kwamba wanamkinga na matanga ya deni ndio wanaompeleka kwenye matanga yenyewe.

Upo ugumu mmoja ninaouheshimu kuliko mwingine wowote, nao ni mafuta ya gari. Miaka hii nchi imeishi kwenye foleni za petroli, na gari lisilo na mafuta halilipi deni. Hiyo ni hatari ya kweli. Ila ni hatari ya kila mwenye gari, awe na historia au asiwe nayo. Mshahara wa mdhamini hautii petroli kwenye tangi. Jibu lake liko kwenye ratiba ya malipo, na ratiba ndiyo sehemu ambako benki zetu zina uvivu kuliko sehemu nyingine zote. Zinadai kiasi kile kile tarehe ile ile kila mwezi, kana kwamba ziwa linalipa mishahara. Mvuvi wa ndagala huvutia samaki kwa taa, na usiku wa mbalamwezi taa haivuti kitu. Wavuvi wanapumzika, na soko linapungua kwa siku kadhaa kila mwezi. Mawese yana msimu wa kufurika na msimu wa kukauka. Uvuvi wenyewe hufungwa: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi wa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Anayepanga malipo bila kuangalia mwezi angani na msimu wa ngazi za mchikichi ameshapanga mkopaji ashindwe, na akishindwa ataandikwa kuwa ni kijana asiyelipa.

Kwa hiyo nadai mambo haya, na nayadai kwa benki, kwa vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, COOPEC, na kwa wakubwa wanaozisimamia. Msome daftari la mama wa mawese, orodha ya ikirimba, kitabu cha mihuri na taarifa za Lumicash, na mumpigie simu aliyeandika. Gari lenyewe liwe rehani: kadi yake ibaki kwenu, bima ilipwe, mwanafunzi atangulize fungu lake kutoka akiba aliyoikusanya kwa jasho. Malipo yawe ya wiki, yapande msimu wa mavuno na yashuke siku za mbalamwezi. Mkopo wa kwanza uwe mdogo, hata wa pikipiki ya mzigo, na wa pili ufuate haraka kwa aliyelipa, kama mama alivyotoka madumu mawili hadi shehena.

Kwa Waislamu wa mwambao huu, ambao ni wengi na wanaikimbia riba kwa haki ya dini yao, gari ndilo linalofaa zaidi kwa murabaha: benki inalinunua, inamwuzia kijana kwa faida iliyotajwa mbele ya mashahidi, naye analipa kwa mafungu bila deni kukua. Kenya ina benki za aina hiyo tangu 2008, na Tanzania ilipata Amana mwaka 2011. Hakuna sababu Rumonge, yenye misikiti yake na biashara yake, iwe nyuma.

Na rekodi ikianza kuandikwa, iandike mema. Kenya ilitufundisha hilo kwa uchungu: mikopo ya simu iliwaingiza watu kwenye orodha ya wadaiwa sugu kwa vijisenti, mpaka Aprili 2020 Benki Kuu yao ikapiga marufuku kumwandika mtu vibaya kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000. Rekodi inayokumbuka kosa na kusahau malipo ni kitanzi. Kijana akilipa wiki ya kwanza, iandikwe wiki ya kwanza.

Kwa vijana wenzangu wa masomo nina neno pia, kwa sababu haki hii ina gharama. Andikeni. Anayefanya biashara kwa kichwa tu anampa afisa mikopo sababu ya kumkataa. Kamilisheni zamu zenu za ikirimba hata mkiwa mmekwisha kupokea. Pateni leseni ya udereva kabla ya kuomba gari. Msitaje gari la harusi mkiomba gari la mzigo. Dawa ya deni ni kulipa, na kijana mmoja anayekimbilia Nyanza-Lac na gari anawafungia mlango kumi walio nyuma yake.

Lakini mzigo mkubwa hauko kwao. Wao wamekuwa wakilipa madeni yao kwa miaka, kwa watu waliokubali kuwaamini kwa madumu mawili. Ni zamu ya wenye benki kufanya kazi ambayo mama asiye na shahada ameifanya vizuri kando ya makina: kumpima mtu kwa kidogo, kuandika anavyolipa, na kumwongeza. Wakisema hawawezi, waseme wazi kwamba hawataki, na waache kumtupia kijana lawama kwa ukurasa ambao wao ndio waliokataa kuufungua.